Kinyozi Asijifunzie Kichwa cha Yatima

Waarabu wana msemo wa zamani, kwamba kinyozi hujifunza kunyoa katika vichwa vya mayatima. Maana yake haina maficho. Mtoto mwenye baba akikatwa sikio, baba yake atakuja kudai. Yatima hana wa kumdai kinyozi. Basi mwanafunzi huletewa mayatima, na mkono wake ukishakuwa mwepesi, ndipo huitwa nyumbani kwa wenye mali.

Tumeukumbuka msemo huu kwa sababu ya maneno tuliyoyasikia katika mkutano mmoja wa tawi, katika kijiji cha wakulima wa tumbaku mkoani Tabora. Shauri lililotukutanisha lilikuwa michango ya ujenzi wa zahanati. Mama mmoja akainua mkono, akaomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba alimzaa mtoto wake wa tatu katika kituo kimoja cha afya, ambacho hatutakitaja, na kwamba alichanika, ikabidi ashonwe. Kijana aliyekuja kumshona alikuwa na adabu na huruma, lakini mkono wake ulikuwa unatetemeka, na mwenzake alikuwa akimtajia hatua moja moja kama mwalimu anavyotoa imla. Mama yule alimsikia kwa masikio yake akinong'ona kwamba hajapata kuifanya kazi ile hata siku moja. Kidonda kilifumuka mara mbili. Miezi mitatu mama hakuweza kukaa sawasawa wala kwenda shambani. Hakumtukana mtu. Aliuliza swali moja tu: "Ilikuwa lazima aanzie kwangu?"

Watu walinyamaza. Mwenyekiti alitutazama sisi tuliotoka wilayani kana kwamba jibu limo katika mikoba yetu. Halikuwamo. Tumekwenda, tumeuliza wauguzi, tumesoma, tumejaribu kwa mikono yetu wenyewe, na leo tunalijibu swali la mama huyo mbele ya wanachama wote. Jibu letu ni hili: Hapana, mama. Haikuwa lazima.

Kwanza tumtendee haki yule kijana. Yeye naye ni mtoto wa mkulima. Hapana fundi duniani asiyekuwa na siku yake ya kwanza. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua jambo hili vizuri. Kabla hatujapelekwa shuleni kwa mazoezi, tulifundishana wenyewe kwa wenyewe darasani, wenzetu wakijifanya watoto wa darasa la pili, mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake. Tulikosea mbele ya watu wazima ambao kosa letu halikuwadhuru. Tukachekwa, tukasahihishwa, tukarudia. Watoto wa watu tuliwakuta baadaye. Ikiwa mwalimu, ambaye kosa lake ni hesabu iliyokwenda upande, hupewa nafasi ya kukosea mahali pasipo hatari, itakuwaje yule mwenye sindano na kisu asipewe?

Nafasi hiyo ipo, na chombo chake chajulikana. Ni sanamu ya mazoezi: kiungo cha mwili kilichotengenezwa kwa mpira, kitambaa, ngozi au plastiki, ili mkono ukizoee kabla ya kuugusa mwili wa mtu. Chombo hiki si kigeni hata hapa Tabora. Mkoa wetu ulikuwa mmoja wa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambamo hospitali na vituo 30 vilishiriki katika mpango mkubwa wa mafunzo ya uzazi ulioanza mwaka 2021 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2025. Wauguzi na wakunga walifanya mazoezi mara kwa mara hapo hapo kazini, kwa sanamu ya mama anayezaa na sanamu ya mtoto mchanga. Karibu akina mama 300,000 walizaa katika vituo hivyo katika muda uliochunguzwa. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000. Vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu robo tatu. Hatusemi ni sanamu peke yake iliyofanya haya, kwa maana viliongezwa vyombo vingine, na kila kituo kilijifunza kutazama hesabu zake chenyewe. Tena matokeo hayakulingana katika mikoa yote. Lakini katikati ya kazi ile kulikuwa na mkono uliojizoeza juu ya mpira kabla ya kujizoeza juu ya mtu.

Na haja bado ni kubwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba akina mama 556 walikufa kwa uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hiyo ni hatua ya kushangiliwa. Lakini utafiti huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi, na hesabu hiyo karibu haikusogea tangu utafiti uliotangulia. Mama ameanza kupona. Mtoto mchanga bado anatungoja.

Sasa tuitazame sanamu yenyewe, maana wengi huidhani kuwa ni mwanasesere tu. Yule mtoto wa mazoezi huja akiwa bapa kama mfuko mtupu. Hutiwa maji ya uvuguvugu kama lita mbili, na papo hapo huwa na uzito na ulegevu wa mtoto halisi: shingo haishiki, mikono yaning'inia. Mwalimu hushika vipira vidogo vya kubinya. Akibinya kimoja, kitovu hupiga kama moyo. Akibinya kingine, mtoto hulia. Mwanafunzi akimpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, akiwa ameishika barakoa vizuri, kifua huinuka. Akiishika vibaya, hewa hutoroka na kifua hulala. Hapana haja ya mwalimu kumkaripia. Kifua chenyewe kimekwisha kusema. Ndiyo maana wakunga huiita dakika ile ya kwanza ya maisha "dakika ya dhahabu": mtoto asiyepumua apuliziwe kabla haijaisha.

Sanamu ya mama huvaliwa. Mkunga mmoja huifunga tumboni kama aproni, akakaa kitandani, akalalamika na kuuliza maswali kama mama halisi. Ndani yake mna mtoto, kondo la nyuma, na mfuko wa damu ya bandia. Mna pia mfuko wa uzazi ambao mvaaji huweza kuulegeza au kuukaza kwa mkono wake wa ndani. Mfuko ukiwa laini, damu hutiririka. Mwanafunzi akiusugua tumboni inavyopasa, mvaaji huukaza ukawa mgumu kama mpira wa watoto, na damu hukoma. Mkono uliopata kuhisi ulaini ule ukigeuka kuwa ugumu hausahau.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Sanamu hizi hazifanani sana na mtu kwa macho. Uso wa mtoto ni wa kawaida, na ngozi yake ni ya plastiki. Lakini zinafanana na mtu mahali mkono unapofanya kazi. Mambo ya kufaa katika kiungo cha mazoezi ni matatu. Kiwe na uzito na ukaidi wa mwili. Kijibu: ukikosea kikuonyeshe, ukipatia kikuonyeshe. Na kiweze kuharibiwa na kutengenezwa tena kesho, kwa sababu kujifunza ni kurudia. Urembo wa uso ni wa mwisho kabisa.

Wazungu wenyewe walijifunza jambo hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 18, mji wa Florence huko Italia ulijaa sanamu za mwili wa mtu zilizotengenezwa kwa nta ya nyuki, nzuri mno kwa macho, kila mshipa mahali pake. Watu huzitazama hata leo. Lakini nta haishikiki wala haishoneki. Ilifundisha macho tu. Wakati huo huo, Ufaransa ilikuwa na mkunga aitwaye Angélique du Coudray. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa hati ya kuzunguka nchi nzima kufundisha wanawake wa vijijini, ambao wengi hawakujua kusoma. Hakubeba vitabu vingi. Alibeba nyonga ya mwanamke na mtoto, vimeshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa pamba. Alizunguka hata mwaka 1783, na wanawake kwa maelfu walipita mikononi mwake. Sanamu yake moja ingaliko katika jumba la makumbusho la Rouen. Kitambaa, ngozi, pamba, na akili ya mkunga anayejua mkono wataka nini.

Na zile sanamu za mpira tunazoletewa leo, zatoka katika ukoo wa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Åsmund Laerdal wa Stavanger, huko Norway, alikuwa akiuza wanasesere na magari madogo ya plastiki laini. Mwaka 1960 alitoa sanamu ya mtu mzima ya kujifunzia kumpulizia pumzi aliyezimia, kwa sababu madaktari walimjia na haja hiyo, naye alijua plastiki ipi inakunjika kama ngozi. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi aliyekubali kumsikiliza daktari. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

Fundisho la pili lilitoka hapa hapa kwetu, katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja kwa sanamu ya mtoto. Mwishoni mwa siku walifanya vizuri sana juu ya sanamu. Lakini watafiti walipokwenda wodi ya wazazi kutazama kazi ya kila siku, waliona, na wakachapisha mwaka 2013, kwamba matendo juu ya watoto halisi hayakuwa yamebadilika. Hawakukata tamaa wala hawakuficha. Wakageuza mpango: sanamu ikakaa karibu na wodi, mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano kila juma. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila 1,000, kama ilivyochapishwa mwaka 2015. Semina ya siku moja yenye chai na picha ya pamoja haikuokoa mtoto. Dakika tano za kila juma ziliokoa. Haba na haba hujaza kibaba.

Twaomba wanachama wasiisome habari hii haraka haraka. Ni mara ngapi tumeona chombo cha thamani kimeletwa, kikapigwa picha, kikafungiwa kabatini, ufunguo ukaenda na bwana mkubwa likizo? Sanamu iliyofungiwa haina faida kuliko jembe lililotundikwa ukutani.

Sasa tuje kwenye jambo la upasuaji na kushona, ambalo ndilo lililomuumiza mama yetu. Nchi yetu kwa miaka mingi imetegemea kisu cha madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianzishwa mwaka 1963, ili watu wa mbali wasife wakingoja daktari wa mjini. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kazi yao ya upasuaji wa uzazi haikuwa duni kuliko ya madaktari wenye shahada. Basi si cheti peke yake kinachofanya mkono kuwa mwepesi. Ni kurudia kazi. Lakini kurudia huko kulifanyika juu ya nani? Juu ya mama zetu na dada zetu, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine.

Sisi tulipotoka katika ule mkutano, tulikusanyika watu sita: walimu, fundi cherehani, fundi viatu, na muuguzi mmoja mstaafu aliyeshona akina mama kwa zaidi ya miaka 20. Tukamwomba atuongoze kutengeneza kiungo cha kujifunzia kushona mama aliyechanika. Mara ya kwanza tulichukua kipande cha sponji ya godoro, tukakifunika kwa kitambaa cha kanga. Mama muuguzi alipitisha sindano mara moja tu, akakitupa mezani. "Huu ni mto wa kulalia," akasema. "Mwili una ukaidi." Kitambaa kilikubali kila kitu, hata kosa.

Mara ya pili tuliweka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli mahali pa ngozi, sponji mahali pa mafuta, na kitambaa laini cha bitana mahali pa utando wa ndani. Kilichotushinda ni msuli. Mama muuguzi alitueleza kwamba msuli ukikatika, ncha zake hujirudi nyuma na kujificha. Mshonaji asiyejua hushona ngozi juu yake, kidonda kikaonekana kizuri, kumbe ndani kuko wazi. Huenda hilo ndilo lililompata yule mama. Fundi viatu akafikiri, akachukua kamba ya lastiki, akaizungushia flaneli nyekundu, akaivuta na kuifunga pande zote mbili. Ukiikata, ncha zinaruka na kujificha chini ya sponji; sharti uzitafute kwa vidole, uzivute, uzikutanishe. Mama muuguzi alishona, akafumua, akashona tena. Akasema, "Sasa imeanza kuwa na tabia." Gharama yote haikufika bei ya jogoo mmoja sokoni.

Hatuandiki haya ili kujisifu. Kile tulichokifanya ni jaribio la watu sita mezani, na hakijapimwa na mabingwa. Twajua kwamba sanamu mbaya hufundisha mkono mbaya, na mkono uliofundishwa vibaya ni hatari kuliko ule usiofundishwa. Twaandika ili kuonyesha kwamba ujuzi unaotakiwa umegawanyika katika mikono iliyo kwetu tayari. Muuguzi anajua mwili unafanya nini. Fundi viatu anajua ngozi inavutika vipi. Fundi cherehani anajua mshono. Mwalimu anajua jinsi ya kuleta zana darasani. Walichokosa ni kukaa meza moja.

Watu wengine husema, "Ni aibu wauguzi wazima kuchezea wanasesere." Hao wamesahau kwao. Wazaramo na Wakwere walimpa mwali mwanahiti wa kuchonga kabla ya kumwita mtu mzima. Usambaani na Uzigua palikuwa na sanamu za udongo ambazo kila moja ilikuwa na somo lake katika jando na unyago. Wamakonde walichonga kiwiliwili cha mwanamke mwenye mimba, mchezaji akakivaa kifuani na tumboni katika ngoma ya wali, kama vile mkunga wa leo anavyovaa sanamu ya mama. Mzee aliyefundisha kwa udongo hakuwa anacheza. Kama lipo jambo la aibu, ni kusahau kwamba tulipata kufundisha mwili kwa sanamu, halafu tukangoja kuletewa sanamu kutoka ng'ambo kana kwamba ni wazo jipya.

Wengine husema, "Za kigeni ni bora, kwa nini tujisumbue?" Wengine tena, wenye hasira, husema tuzikatae kabisa zile za kigeni. Pande zote mbili twazialika zikumbuke kilichotokea katika mji huu wa Tabora mwezi Januari mwaka 1958. Wajumbe wa TANU walikuja hapa wakiwa wamechukizwa na kura tatu, ile sheria ya kumlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka chama kisusie. Mwalimu Nyerere aliwaomba waingie katika uchaguzi ule mbaya, kwa sababu mlango wa kuuondoa ulikuwa ndani yake. Wakakubali kwa shida. Chama kikashinda, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera yetu ikapanda. Kukubali hakukuwa kuridhika. Ndivyo na sanamu hizi. Tuzipokee kwa shukrani, maana watoto waliozaliwa usiku wa leo hawawezi kungoja viwanda vyetu. Lakini tuzipokee kama mwanafunzi, tuzifungue, tujue zimeshonwaje. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.

Sisi wa Tabora tunayo sababu yetu ya pekee ya kusema hivi. Mji huu ulikua juu ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote. Walibeba pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, wakarudi na shanga, nyaya za shaba, na kitambaa kilichoitwa merikani kwa sababu kilifumwa Marekani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo ulihama kutoka begani kwenda kwenye behewa, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule: mali ghafi kwenda, kilichotengenezwa kurudi. Leo Igunga na Nzega wanalima pamba. Misitu yetu ya miombo yatoa asali na nta. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zipo. Yule mkunga Mfaransa alihitaji nini zaidi ya hivyo? Je, tungoje hata pamba yetu iende ng'ambo, irudi ikiwa imeshonwa umbo la mtoto, ndipo tuinunue?

Wako na wanaouliza, na swali lao ni la haki, "Vituo vina upungufu wa dawa na glavu, nyinyi mwataka sanamu?" Jibu tumelipata mwisho wa njia ile ile ya misafara, Kigoma. Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa hawakungoja fedha nyingi. Walikaa, wakatazama kila kifo, wakatengeneza orodha ya mambo 22 ya kurekebisha, mengi yakiwa yale yaliyowezekana kwa mali iliyokuwapo. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 933 hadi 186 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Umaskini ni adui, lakini adui huyo hakuweza kuwazuia watu waliokubaliana kutazama kosa lao wenyewe. Mazoezi ya dakika tano hayahitaji fungu la bajeti. Yahitaji saa, sanamu, na mkubwa wa kazi asiyeona haya kukosea mbele ya wadogo zake.

Basi twaomba mambo manne.

Kwanza, kila tawi lililo karibu na kituo cha afya liulize, kwa adabu lakini bila woga: Je, sanamu ya mazoezi ipo? Iko wapi? Ilitumika lini mara ya mwisho? Kama imefungiwa kabatini, itolewe na iwekwe karibu na wodi.

Pili, madiwani wetu waweke neno hili katika vikao vya halmashauri: asishone wala asipasue mtu yeyote ambaye mkono wake haujashuhudiwa juu ya sanamu na mkubwa wake wa kazi, isipokuwa pale maisha yanapoponyoka na hakuna mwingine.

Tatu, mafundi wa VETA na SIDO, vyuo vya uuguzi na vyuo vya ualimu vikutanishwe. Muuguzi atoe haja, fundi atoe mkono, mwalimu atoe namna ya kufundisha. Kila kiungo kitakachotengenezwa kipimwe na wakunga na madaktari waliobobea kabla hakijaitwa zana, na kisichofaa kitupwe bila kuoneana haya. Kinachofaa kiandikwe vipimo na vifaa vyake kwa Kiswahili chepesi, ili fundi wa Urambo, Sikonge au Kaliua aweze kukishona bila kuuliza.

Nne, akina mama wenyewe waitwe mezani. Wao ndio wajuao kidonda kilivyokuwa. Fundi asiyemsikiliza mwenye mwili atashona sura tu.

Ndugu wanachama, tulipigania Uhuru ili pasiwe na watu wa kufanyiwa majaribio na watu wa kufanyiwa kazi iliyokamilika. Bado wapo. Mwenye fedha huchagua daktari mwenye mvi. Mkulima humpata yule aliye zamu. Hatuwezi kumpa kila kijiji daktari mwenye mvi kwa usiku mmoja. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba kijana aliye zamu, kabla ya kulikuta tumbo la mama, amekwisha kukosea mara 50 juu ya mpira na pamba, na mara ya 51 hakukosea.

Juma lililopita tulirudi katika kijiji kile na kiungo chetu ndani ya kikapu. Mama yule alikigeuza, akaingiza kidole mahali ambapo lastiki hujificha, akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo, ni hapa." Kisha akauliza kama binti yake, anayesoma kidato cha tatu na ambaye hupenda kushona, angeweza kufundishwa kutengeneza kingine. Tumemwambia aje Jumamosi.